Mchungaji, nikisoma Kurani chuoni nitabaki Mlutheri?

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mi ni mwinjilisti kutoka Tanga, usharika wangu umenipeleka kusoma theolojia na sasa niko mwaka wa kwanza. Semista ijayo tuna kozi ya Uislamu na mahusiano ya dini, na baadhi ya wenzangu wanasema hiyo ni mradi wa wafadhili wa Ulaya, Luther mwenyewe asingekubali, tena Ungamo la Augsburg, ile hati ya imani ya Walutheri wa mwanzo, limeshawalaani Waislamu kwa hiyo hakuna cha kuzungumza. Dada yangu ameolewa na Muislamu, shemeji ni mtu mwema sana, kila Ramadhani ananiita futari. Naomba unieleze kitaalamu, Ulutheri una nafasi ya mazungumzo na dini nyingine au tunajidanganya? Na wakianza dua nikiwa pale mezani nifanyeje?

Jibu: Amina sana mwinjilisti, na hongera kwa kupelekwa shule, najua usharika ukimpeleka mtu kusoma maana yake watu wamenunua kuku na mikungu ya ndizi kwenye mnada baada ya ibada kwa bei mara tatu ya sokoni ili ada itimie, kwa hiyo hilo deni ulilonalo kwao ni zito na nafurahi umeuliza kabla ya kozi kuanza. Swali lako nimelikuta darasani karibu kila mwaka kwa miaka zaidi ya ishirini, na anayeuliza huwa anauliza kwa sauti ya chini kama anaungama. Usione haya, ni swali halali kabisa.

Nianze na jibu lenyewe. Nafasi ipo, na wala haijaja na wafadhili, umeibeba wewe mwenyewe tangu kipaimara. Kumbuka Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha Luther cha mafundisho ya kipaimara, amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo, maana yake nini? Wewe ulikariri hapo mbele ya mchungaji ukitetemeka: tusimsingizie jirani, tusimsaliti, tusimharibie jina, bali tumtetee, tumseme vizuri na mambo yake yote tuyachukue kwa upande ulio mwema. Luther aliandika hayo 1529 na hakuongeza pale kwamba jirani lazima awe Mkristo. Sasa niambie, utamshuhudiaje shemeji yako kwa kweli kama hujui anaamini nini? Mi kwangu kozi ya Uislamu ni utii wa amri ya nane, basi, mengine yote yanafuata hapo.

Nasema hivyo kwa uchungu maana nilishaivunja mbele ya madhabahu. Miaka ya mwanzo ya uchungaji wangu, Jumapili ya kipaimara, kanisa limejaa, watoto wamevaa meupe, nikahubiri kwamba sisi tunamwabudu Mungu aliye hai wakati Waislamu wanamwabudu Mtume wao. Nilikuwa nimesikia mahali, nikaona inanoga. Baada ya ibada akanifuata mzee mmoja mwenye kofia ya vitone, alikaa benchi la tatu, amekuja kwa ajili ya binti wa dada yake aliyekuwa anapata kipaimara. Hakupandisha sauti. Akaniambia, Baba Mchungaji, sisi kumwabudu Mtume ni shirki, ni dhambi kubwa kuliko zote, mtu akifanya hivyo katoka kwenye dini, sasa leo umewaambia watoto hawa kwamba mjomba wao ni mshirikina. Akanipa mkono, akaenda kula pilau ya mtoto. Nilibaki pale na joho langu nikiwa sina la kusema, na siku ile wale watoto walikuwa wametoka kukariri amri ya nane mbele yangu.

Haya, turudi kwa Luther maana wenzako wamemtaja. Luther na Waislamu ni habari ndefu na ina pande mbili, usikubali mtu akupe upande mmoja. Mwaka 1529 jeshi la Waturuki, ambao walikuwa Waislamu, lilikuwa limeizingira Vienna, Ulaya yote inatetemeka, na yeye ameandika maneno makali sana juu ya Waturuki na dini yao, hilo hatuwezi kulificha. Lakini 1530 alitoa tena kitabu cha zamani cha mtu aliyewahi kuwa mateka kwa Waturuki, akakiandikia utangulizi, na humo anawalalamikia waandishi wa Kikristo waliotangulia kwamba walichagua kwenye Kurani yale ya kuchukiza tu ili kuwatisha watu wa kawaida, na yale mema wakayafunika. Akasifu kiasi chao katika kula na kuvaa, sala zao na kufunga kwao, akasema watawa wa Ulaya hawawafikii. Halafu 1542 akapata Kurani kwa Kilatini, akaisoma, akalalamika kwamba tafsiri ni mbovu. Mwaka huohuo kule Basel mchapishaji Oporinus alitiwa ndani kwa kosa la kuchapa Kurani, na Luther akaiandikia halmashauri ya mji waiachie itoke, na ikatoka 1543 ikiwa na utangulizi wake. Nia yake ilikuwa kupinga, aliamini watu wakiisoma wenyewe wataona makosa yake, na mwaka huohuo wa 1542 alitafsiri kwa Kijerumani kitabu cha mmoja wa walewale waandishi aliowalalamikia miaka 12 nyuma. Sasa ukisema Luther alikuwa mtu wa mazungumzo ya dini utakuwa unamsingizia, na mwenzio akisema Luther asingekubali mwanafunzi afungue Kurani naye anamsingizia vilevile, maana ndiye aliyewapigania watu wa Basel ichapwe.

Kuhusu Ungamo la Augsburg, wenzako wamesoma na nawapa pongezi kwa hilo, wengi hawafunguagi kabisa. Ni kweli, kifungu cha kwanza kinachokiri Utatu kinawakataa Waariani, waliokana kwamba Kristo ni Mungu kamili, na wengine wa zamani, na kinawataja kwa jina wafuasi wa Muhammad. Hicho kifungu bado ni chetu na mimi nimeapa kukifundisha siku niliyowekewa mikono. Ila soma kinafanya nini: kinakataa fundisho. Hakitoi ruhusa ya kumdharau mtu wala kumzulia. Na ona kitu kingine, Ungamo hilohilo linawakataa pia Waanabaptisti, wale waliokuwa wanabatiza watu wazima upya, na katika karne ile watu hao waliteswa na kuuawa huku wanatheolojia wetu wakihalalisha. Mwaka 2010 pale Stuttgart, Fungamano la Kilutheri la Dunia kwenye mkutano wake mkuu lilitubu rasmi mbele za Mungu na mbele ya Wamenoni, ambao ni wazao wa watu hao, likaomba msamaha. Ubatizo wa watoto wachanga hatukuuacha, mpaka kesho tunabatiza. Kwa hiyo kukiri imani na kutubu jinsi ulivyomtendea mwenye imani nyingine ni mambo yanayokaa pamoja, sisi tumeshayafanya.

Na lipo la Wayahudi, hili naomba usilipite haraka ukiwa chuoni hata kama mwalimu atalipita. Mwaka 1543 Luther, amezeeka na anaumwa, aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi ambamo anashauri masinagogi yachomwe, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vichukuliwe. Nimekisoma chote na siku ile sikula chakula cha jioni. Miaka 400 baadaye Wanazi walikitumia kwenye propaganda, na mmoja wao, Julius Streicher, aliposhtakiwa Nuremberg alijitetea kwamba Luther naye angekaa pale kizimbani. Fungamano la Kilutheri lilikataa mafundisho hayo kwenye mkutano wa Budapest 1984, na Walutheri wa Marekani wakatoa tamko lao kwa Wayahudi 1994. Nakwambia hili kwa sababu kuna watu wanadhani kusema vibaya dini ya mtu ni maneno tu yanapita. Yalikaa kwenye makaratasi miaka 400 halafu yakapata watu wa kuyatenda.

Sasa nije kwenye kile ninachokipenda zaidi kuliko vyote, na hiki utakielewa vizuri kuliko Mjerumani yeyote kwa sababu wewe ni Mswahili wa Tanga. Moyo wa Ulutheri ni nini? Mungu kumkubali mtu kwa kumwamini Kristo, sio kwa matendo yake, yaani kuhesabiwa haki kwa imani. Haya, ichukue hiyo sentensi uitazame. Hesabu, Kiarabu. Haki, Kiarabu. Imani, Kiarabu. Ongeza neema, rehema, dhambi, toba, ibada, hata msalaba, hata kanisa lenyewe. Krapf, yule Mjerumani aliyelelewa katika Ulutheri kule Württemberg, aliyefika Mombasa 1844, alipoanza kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili aliikuta lugha ambayo Waislamu wa pwani walishaitumia kumsema Mungu kwa karne nyingi. Yaani mwinjilisti, fundisho letu la ndani kabisa sisi tunalisema kwa maneno ambayo jirani Muislamu anayasikia kila Ijumaa. Tukifungua mdomo tu tumeshaanza kuzungumza naye, tupende tusipende, swali ni kama tunajua anasikia nini.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wanane kwa maalim mmoja wa madrasa jirani na chuo tulichokuwa, tukakaa kwenye mkeka, watoto wamemaliza kusoma, mbao za kuandikia zimeegeshwa ukutani bado mbichi. Kijana mmoja akaambiwa aeleze Walutheri wanaamini nini, akasema kwa kujiamini kabisa, sisi tunaamini mtu anahesabiwa haki kwa imani. Maalim alikuwa anahesabu tasbihi, kidole kikasimama. Akauliza, kuhesabiwa? Lini? Maana Siku ya Hesabu bado haijafika. Kijana akakwama, akaanza kurudia maneno ya kwenye notisi. Binti mmoja aliyekuwa nyuma akasema taratibu, Maalim, sisi tunasema hukumu ya siku ile kwetu imeshasomwa tayari, kwa ajili ya Kristo, ndo maana tunalala usingizi. Maalim akanyamaza kidogo halafu akasema, hilo ni neno kubwa mwanangu, sisi hatulisemi, mja anatarajia rehema za Mola wake lakini hajihakikishii hukumu. Tukakaa kimya wote. Nilifundisha Warumi kwa muhula mzima na sikuwahi kuwafikisha wale wanafunzi pale ambapo swali moja la maalim liliwafikisha, walirudi bwenini wanabishana juu ya Warumi 5 mpaka taa zinazimwa.

Na hapohapo uone hatari ya njia ya mkato. Darasani utasikia, na kwenye mimbara ndo usiseme, kwamba Waislamu wanaokolewa kwa matendo sisi kwa neema. Sio kweli kama inavyosemwa. Sura zote za Kurani isipokuwa moja, ile ya 9, zinaanza kwa jina la Mungu Mwingi wa rehema Mwenye kurehemu, na ipo hadithi sahihi inayojulikana sana ambayo Mtume anasema hakuna atakayeingia peponi kwa amali zake, wakamuuliza hata wewe? akasema hata mimi, isipokuwa Mungu anifunike kwa rehema yake. Ukimwambia shemeji yako nyie mnategemea matendo atakuona hujasoma, na atakuwa na haki. Tofauti iko kwingine, na Luther aliiona. Katika Katekisimo Kubwa anapomaliza kueleza Imani, yaani ile Imani ya Mitume tunayoikiri ibadani, anasema walio nje ya Ukristo, na anawataja Waturuki na Wayahudi na hata Wakristo wanafiki, hata kama wanamwamini na kumwabudu Mungu mmoja tu wa kweli, hawajui moyo wake ukoje kwao. Soma tena hiyo, maana wengi hawaamini ikiwa Luther ndo kaiandika. Hatuulizani hapa kama Mungu ana rehema. Tunaulizana uhakika wa rehema hiyo tunaushika wapi, na sisi tunasema msalabani, na Kurani sura ya 4 inasema Isa hakusulubiwa. Hapo ndipo tunapoachana kwelikweli, na hapo pana uzito, usipapunguze kwa kusema dini zote sawa. Shemeji yako naye hatakushukuru ukisema hivyo maana yeye haamini kwamba ni sawa.

Je, utapoteza imani? Nimewaona wanafunzi wengi wakipita kwenye kozi ile, na waliotikisika ni wale waliokuwa wanaishi kwa picha ya uongo ya mwenzao, picha ikivunjika wanadhani na Injili imevunjika. Wewe ambaye umelelewa Tanga na una shemeji huna picha hiyo. Halafu fikiria kitheolojia: kama wokovu ni zawadi, hakuna unachojipatia kwa kumshinda mtu kwenye mjadala, wala hukipotezi kwa kukubali kwamba kajibu vizuri. Mtu anayeamini kuhesabiwa haki ana uhuru wa kusikiliza mpaka mwisho bila kutafuta upenyo wa kupiga. Umekulia kwenye mihadhara ya mlingano wa dini nadhani, zile spika mbili uwanjani, huyu ana Biblia huyu ana Kurani, watu wanashangilia kama mpira. Nimehudhuria. Sijawahi kuona mtu ametoka pale akimjua Kristo zaidi, nimeona watu waliokuwa wanasalimiana asubuhi wakipishana jioni bila salamu.

Askofu Krister Stendahl, Mlutheri wa Stockholm, miaka ya 1980 Wamormoni walipotaka kujenga hekalu lao kule na watu wakapinga, aliwapa Wasweden mambo matatu ambayo mi nayaandika ubaoni siku ya kwanza ya kozi. Ukitaka kuijua dini ya watu waulize wenyewe, usiwaulize maadui zao. Usilinganishe bora la kwako na baya la kwao. Na acha nafasi moyoni ya kutamani kitu kizuri ulichokiona kwao, wivu mtakatifu. Mimi natamani ile alfajiri yao, mwadhini anaita na mzee wa miaka themanini anatoka na tochi kwenye umande, wakati sisi ibada ya asubuhi mwezi Juni tunaanza na watu saba.

Kuhusu wafadhili, nijibu kwa kifupi. Fedha za nje zipo kwenye mambo mengi ya kanisa, hata paa la kanisa lenu inawezekana, na hatulikatai paa. Ila mradi wa makanisa ya Afrika wa mahusiano na Waislamu, PROCMURA, ulianza 1959 na ofisi yake iko Nairobi, na tangu zamani unabeba vitu viwili kwa pamoja, kumshuhudia Kristo kwa uaminifu na kuishi na Waislamu kwa amani. Zanzibar, ambako Wakristo ni wachache sana, Walutheri wako kwenye mazungumzo na masheikh kwa sababu ndo majirani zao, wakipata msiba jeneza linapita mtaa wa Waislamu. Na kule Kilimanjaro hata kabla ya hapo, wamisionari wa Leipzig waliofika 1893 walilipokea jina la Ruwa ambalo Wachaga walishamwita Mungu, wakaliweka kwenye sala na nyimbo. Bruno Gutmann pale Old Moshi akakaa miaka kadhaa akisikiliza wazee wanaeleza ukoo na ujirani na rika, alikuwa na makosa yake na wapo Wachaga waliompinga kwamba anataka wabaki walivyokuwa, lakini sijasikia aliyemwambia kwamba kusikiliza wazee sio Ulutheri.

Sasa futari. Nenda, na ule. Uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi ya dada yako havina fundisho ndani yake. Fika kabla ya adhana, usianze kula hata tende mpaka wao wamefungua, na kama unaweza usile mbele yao mchana wa siku hiyo, ni adabu tu. Wakisimama kuswali wewe kaa pembeni kimya, sio lazima utoke nje kama mtu aliyefukuzwa, wala usiingie kwenye safu, maana kurukuu bila kuamini ni kuidanganya sala yao na yako. Wakiomba dua ya jumla, kumwombea mama mgonjwa au mtoto anayefanya mtihani, mi huwa nainamisha kichwa na moyoni naomba kwa jina la Yesu, na kwa ombi kama hilo la mgonjwa naitikia amin kwa sauti bila wasiwasi. Kuna wachungaji wenzangu hawafiki hapo na nawaheshimu, dhamiri yako isivutwe na yangu. Wakikuambia na wewe mwinjilisti tuombee, omba kama unavyoomba, kwa ufupi, kwa jina la Yesu bila kulificha na bila kulipiga kelele kama mkutano wa injili. Wamekuita wanakujua wewe ni nani.

Ila kabla ya Ramadhani mpigie shemeji umuulize wazi, shemeji nikiwa kwako wakati wa dua ungependa nikae vipi, na hapohapo muombe akutafutie maalim mzuri wa pale mtaani ambaye unaweza kumletea maswali ya kozi. Ukimpata, anza na lile la hesabu.